Folda ya Mizani

Julai, Bidiya. Masufuria yanachemsha mabsali
na moshi umeingia hadi ndani ya kibodi.
Kompyuta ni moja, watu wa mizani watatu:
Maathuma asubuhi, Shofiqul jioni,
usiku ni Muhanna, kijana wa Wadi Bani Khalid.
Kila mmoja ana jina lake la kuingilia
na picha yake kwenye kioo:
waridi, mto uliofurika,
gari ambalo bado hajalinunua.

Programu ni ileile. Inawafungukia wote,
inawaonyesha wote kilo.
Ila ukibonyeza Hifadhi,
kwa Maathuma inanyamaza, kazi imekwisha;
kwa Shofiqul, kwa Kiarabu cha kitabuni,
inasema: huna ruhusa.
Haisemi samahani. Haisemi kamuulize fulani.
Alama nyekundu tu, na nje ya dirisha
pikapu imejaa tende, injini inanguruma.

Basi Shofiqul akaandika kwenye maboksi.
Mia nne na kumi. Mia mbili thelathini na tano.
Kalamu nene, mwandiko mzuri, wiki nzima,
hadi maboksi yakapakiwa kwenda India
na hesabu zetu mgongoni.

Ndipo nikaitwa mimi.

Nikafungua sifa za folda. Mmiliki: Nasour.
Nasour alistaafu kabla ya Ramadhani.
Alirudisha funguo, birika, hata kalenda ya ukutani,
lakini folda alisahau kuirudisha.
Nikampigia. Alikuwa sokoni Sinaw, siku ya Alhamisi,
mbuzi wanalia kumshinda yeye.
"Neno la siri? Jina la binti yangu."
Binti yupi? Anao sita.
"Yeyote," akasema. "Nilikuwa nawapokeza."

Njia ya mkato naijua: Kila Mtu, Ruhusa Kamili.
Niliipita mwaka jana, nikaenda kunywa chai.
Shamba la bibi.
Muhanna akafuta miezi mitatu ya kilo
apate nafasi ya video za mbio za ngamia,
akaapa kwamba alidhani ni takataka,
na mimi nilimwamini, maana jina la folda
lilikuwa "Mpya (2) nakala".

Safari hii nimekaa kitako.
Nimeingia kama msimamizi, nikabonyeza Chukua Umiliki,
mkono ukasita kidogo, kama mtu anayevua kofia
kwenye msumari ambao si wake.
Nikaunda kikundi, nikakiita mizani.
Nikawatia watatu, jina baada ya jina.
Kusoma, ndiyo. Kuandika, ndiyo. Kufuta, hapana,
wala mimi kwa akaunti yangu ya kila siku.

Kikabaki kisanduku kidogo cha mwisho:
vilivyomo ndani virithi.
Nikakitazama.
Nyumba ya babu kule Wete ina warithi saba
na ufunguo mmoja, na mwenye ufunguo hapokei simu.
Miaka kumi na tano. Bati limeanguka jikoni;
anayetaka kuliezeka hana ruhusa,
mwenye ruhusa yuko Dubai.
Mama akizungumza habari hiyo hukunja kanga mara nne,
huikunjua, akaanza tena.
Hapa ni alama moja ya vema.
Nikaiweka. Mstari wa kijani ukatembea
faili kwa faili, elfu sita na ushei,
ukafika mwisho bila ya kwenda mahakamani.

Saa kumi jioni nikamwambia Shofiqul aingie.
Alipoandika neno lake la siri nikageukia ukuta,
nikasoma tarehe kwenye kalenda ya Nasour.
Pikapu ya kwanza: mia tatu na themanini.
Akabonyeza Hifadhi.
Tukasubiri.
Kompyuta haikusema neno.
"Imekasirika?" akauliza.
La, nikamwambia. Ukinyamaziwa, umeruhusiwa.
Akaiweka kalamu nene mfukoni hata hivyo.

Usiku, nimeshalala, simu ikalia.
"Thuwaiba! Nimelikumbuka!"
Nasour, pumzi juu, kama aliyeokota pete.
Akaunti yake niliifunga tangu adhuhuri.
Nikawasha taa, nikatafuta karatasi,
akanisomea herufi kwa herufi
jina la binti wa nne, na mwaka aliozaliwa,
nami nikaliandika lote.