Sentimita Nne

Kazi yangu ni kupanga kurasa.
Mhariri huamua, mimi hupima:
hii sentimita thelathini, ile kumi na mbili,
picha ipanuke hadi ukingoni,
maneno yapungue. Yapungue tena.
Caleta Bermeja, kaskazini mwa Chile,
ina gazeti moja na kiwanda kimoja cha kuyeyusha shaba.
Asubuhi tunalifunua la kwanza
tukiwa tumekipa mgongo cha pili.

Mwezi wa tatu mtu aliona puma
nyuma ya kituo cha mafuta.
Aliona mkia. Pengine mkia.
Don Eulogio akavua miwani, akaipangusa kwa tai,
akasema: ukurasa wa kwanza.
Picha ya puma hatukuwa nayo.
Tukaweka picha ya kituo cha mafuta
na mshale mwekundu unaoelekea gizani.

Siku hiyohiyo ikaingia bahasha
ya Nélida Oyarce, mwalimu wa kemia,
mtu asiyejua kupiga kelele hata kwenye karatasi.
Alikuwa amepima maji ya mabomba kumi na moja,
akachora jedwali kwa penseli,
akaambatisha nywele za wanafunzi
katika vifuko vidogo, kila kifuko na jina.
Arseniki, aliandika, na hakuweka hata alama ya mshangao.
Nikampa sentimita nne,
ukurasa wa kumi na saba,
chini ya tangazo la magodoro.

Jumanne puma alikunywa kwenye bwawa la hoteli.
Jumatano hakuonekana,
nasi tukaandika kwamba hakuonekana.
Alhamisi meya aliahidi taa na mbwa wawili.
Duka la Abarca likauza filimbi mia tatu
za kumtisha mnyama
ambaye, kwa hesabu yangu, bado alikuwa mkia tu.
Watoto shuleni wakagombania nani awe puma;
wakikauka koo, walikimbilia bomba.

Nisieleweke vibaya.
Hakuna aliyenipigia simu kutoka kiwandani.
Don Eulogio si mtu mbaya,
humlipia ada mjukuu wa mfagizi wetu.
Ila puma ana miguu, anakwenda, anarudi,
na arseniki hukaa palepale ikifanya kazi yake.
Sikuandika uongo hata mstari mmoja.
Nilipima tu.

Mwezi wa tano wakaja vijana wa chuo
na madaftari yao, mlango kwa mlango:
Tatizo kubwa la mji huu ni lipi?
Ilikuwa Jumapili, nilikuwa kwa mama.
Alikuwa jikoni akichemsha maji mara ya pili,
akiyachuja kwa kitambaa,
kitambaa kikitoka na rangi ya chai.
Mkono uleule wenye mabaka,
mabaka ambayo daktari huyaita uzee,
ukafungua mlango.
"Puma," alisema, hata hakuwaza.
"Kwani nyinyi hamsomi?"

Usiku ule nilirudi ofisini na rula.
Nikatoa magazeti ya siku sitini, nikayatandaza sakafuni.
Puma: mita kumi na nne na nusu.
Maji: sentimita nne.
Wahenga walisema lisemwalo lipo.
Hawakutuambia lisilosemwa huhamia wapi.
Mimi nimepaona: kwenye vifuko vyenye majina,
kwenye kucha, kwenye birika la mama
ambalo ndani lina ganda gumu kama sarufi.

Leo saa tatu usiku
Don Eulogio ameuliza tuna nini cha kwanza.
Bahasha ya nne ya Nélida iko mfukoni mwangu,
imeshapata joto la mwili.

"Puma," nikasema.

"Ameonekana?"

"Shuleni. Alikuwa anakunywa maji ya bomba."

Akavua miwani.
Akaipangusa kwa tai, polepole,
kioo kimoja, kisha cha pili,
na mimi nikaanza kupima.