Geti la Bluu

Wiki ya kwanza tulishikana mikono.
Ya pili, mimi ncha hii ya kanga, yeye ncha ile.
Ya tatu, Mwalimu Elifuraha akaniambia,
"Baba Ndeshi, achia."

Mimi ni fundi cherehani.
Najua kuacha akiba ya mshono,
inchi moja, inchi na nusu, mwili ukinenepa nguo ifumuliwe.
Hatua arobaini sijawahi kumwachia mtu.

Ndeshi ana miaka ishirini na miwili.
Herufi zinamkimbia kama kuku wa jirani.
Namba anazijua hadi sita, na sita anaipenda.
Basi njia tuliisoma kwa vingine:
chapati za Mama Shose, nyoosha;
mfereji, ruka;
geti la bluu, kata kushoto;
Mnara wa Saa, simama,
tazama kulia, kushoto, kulia tena,
bodaboda hana huruma;
kisha mkate.
Pua ikishika mkate, umefika kazini.

Jumanne moja geti lilikuwa kahawia.

Nilikuwa nyuma, nimejibanza kwa muuza ndizi
nikijifanya nachagua.
Ndeshi akasimama.
Akahesabu kitu kwa vidole, akafika sita, akarudia.
Hata mlima ulikuwa umejifunika, haupo wa kuuliza.
Mguu wangu ulishatoka.
Nikaukanyaga kwa mguu mwingine.

Akalisogelea geti. Akaligusa.
Akatazama kidole: rangi mbichi.
Akakinusa.
Akacheka kile kicheko chake cha nyumbani,
akaliambia geti kwa sauti, mtaa mzima usikie,
"Kumbe wamekubadilishia nguo!"
Akafuta kidole kwenye sketi niliyomshonea
(doa lile halijatoka hadi leo)
akakata kushoto.

"Mzee," muuza ndizi akaniuliza,
"unanunua au unalia?"
Nikanunua. Mkungu mzima, za kupika,
na nyumbani zilikuwa zimejaa.

Siku hizi simfuati.
Tulikubaliana: akifika anabipu, mara moja,
na mimi nisipokee, asije akapoteza muda wa kazi
kunieleza alivyovuka.
Mwalimu anasema nimehitimu. Ndeshi anacheka.

Leo ni saa mbili na dakika tisa.
Suruali ya mteja nimeishona
mguu mmoja ndani ya mwingine.
Nafumua.

Simu inalia. Inakata.

Sipokei.