Kifaa Nyuma ya Sikio

Alhamisi, saa nne na robo, kliniki ya masikio, Halifax.
Bi Holroyd, kidole chake cha baridi nyuma ya sikio langu,
akabonyeza kitu kidogo kama punje ya kunde
akasema: tayari.
Na neno lile likaja na mkia wake,
mkia nilioukosa miaka kumi na minne.

Sikio la kufa halisikii dawa,
ndivyo Mwanaidi alivyozoea kunitania
kila nilipomletea chumvi naye kaomba chujio.
Halikufa. Lilisinzia tu,
likibembelezwa na mitambo ya kiwanda cha tofi,
zamu ya usiku, mtambo namba sita,
tofi mia tano kwa dakika zikivishwa karatasi,
nami katikati yake, nisijue kama nimepiga chafya.

Kituo cha basi.
Zipu ya koti la mtoto ikapanda: zumari.
Mama mmoja akachokora funguo mkobani: njuga.
Mvua ya huku nimeiita bubu tangu nifike,
inalowesha watu bila kubisha hodi,
kumbe inagonga paa la kituo kwa ncha za vidole
kama mtu anayejaribu ngoma asiyokusudia kuinunua.
Na majani makavu yaliyojificha chini ya benchi
yakachakacha. Wallahi, yakachakacha,
na mimi mwenye goti bovu
nikazungusha kiuno kidogo,
mpaka kijana mmoja akavua spika za masikioni
anitazame vizuri.

Ndani ya basi, mlimani,
kifuta kioo kilijua mizani:
nane, kituo, nane.

Si vyote vitamu.
Uma ukikwaruza sahani naziba macho.
Friji yetu inalia noti moja usiku kucha
kama mtu anayedaiwa.
Bi Holroyd alisema ubongo utajifunza kuchagua.
Nikamwomba asiuharakishe.

Jirani yetu, Bwana Garside,
nimempungia mkono miaka tisa nikiamini ni fundi bomba,
kwa lile begi kubwa analolikokota kila Jumanne.
Leo jioni begi limefunguka upande wa pili wa ukuta:
tarumbeta nene, nene kama nyati aliyekula akashiba,
likanguruma nyuma ya kabati la vyombo
na bilauri zetu zikaitikia.
Anakosea palepale, anarudi, anakosea.
Nimebana pumzi nimsubiri avuke.
Havuki.

Mwanaidi anaosha mchele.
Punje zinamwagika sufuriani, manyanga,
halafu, chini ya mchele, kuna sauti.

Sikujua. Hakuna aliyeniambia.
Anaimba midomo imefumbwa,
kipande kifupi, kilekile,
na Mungu anisamehe, hakiko sawa,
kinateleza mwishoni kama soksi iliyolegea.

Umeanza lini?
Kuanza nini?
Hiyo.

Mkono wake ukasimama majini.
Tangu zamu zako za usiku, akasema.
Nyumba ilikuwa kubwa.
Ukawa husikii, nikaona hakuna neno.

Nikapeleka kidole nyuma ya sikio,
nimrudishie siri yake.
Akanipiga kikofi chenye maji:
Kiache. Ila usinirekebishe.

Sasa nimekaa ngazini na tofi moja,
nimeiokota mfukoni mwa koti la kazi,
karatasi yake ya dhahabu imepauka pembeni.
Mamilioni nimeyavisha kwa mikono hii.
Sijapata kusikia hata moja ikivuliwa.

Ifungue basi, anaita Mwanaidi, wali unaiva.

Ngoja, namwambia.
Ngoja kwanza Garside anyamaze.