Neema, Ukutani mwa Ghala la Gede

Kahindi alinisimamisha jua la saa nne,
akanipa kikapu kitupu: "Kishike kama kimejaa."
Nikakishika.
Akakijaza yeye, kwa brashi:
mahindi, mihogo, korosho na mabibo yake,
embe ngowe limepasuka, linachuruza rangi,
vitu visivyoiva mwezi mmoja.
Chini akaandika NEEMA.

Shingo ile si yangu.
Wala sijavaa taji la mabua maishani mwangu.
Ila kidole gumba, chenye kucha nyeusi,
nilichokiponda mwaka wa njaa nikitwanga pumba,
nilimwambia: hicho usikirembe.
Hakukiremba.

Mwaka huu tumevuna kweli.
Ghala limefura, magunia yanalala nje chini ya turubai,
na bei imeanguka hata dalali anaona haya kuitaja.

Jana mbuzi wa Mbodze aliulamba ukuta,
akang'oa hindi moja la rangi, akakohoa.
Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Jioni nampitia, kanizidi unene,
mikono haijamtetemeka.
Namwuliza: we dada,
hicho kikapu unakitua lini?