Kumi Kikombeni

Mezani pini mia mbili na vitambaa vya namba
vilivyokatwa kwenye mashuka ya hospitali yaliyochakaa.
Daktari Asaa katupa, kasema yafueni mara mbili.
Nimeyafua mara tatu. Bado yananuka dawa.
Cherehani yangu haijapumzika tangu Alhamisi:
arubaini na moja, arubaini na mbili.
Arubaini na tatu ndiyo yangu,
nimeishona mwisho, imekaa upande.

Sikuwa mtu wa mbio mie.
Mfunguo Tatu nilipoanza, kutoka Limbani hadi Bopwe
nilisimama mara sita, mara moja kumwamkia mtu
nisiyemjua, nipate kutweta kwa heshima.
Barazani wakaniuliza, "Mkasi, unafukuzwa na nani?"
Nikajibu kwa mkono. Mdomo ulikuwa na kazi.

Shaame hutupanga alfajiri mbele ya skuli,
kwa filimbi aliyostaafu nayo polisi.
Hatuiti timu. Hutuita "nyie".
"Nyie, msikanyage karafuu za watu!"
maana msimu umekuja, majamvi yamelala nusu ya barabara,
nasi twapita ukingoni, mmoja nyuma ya mmoja, kama sisimizi,
harufu imeingia puani, kooni, ndani ya soksi,
hata jasho langu sasa
ukilipeleka kwenye mizani ya shirika watalinunua.

Daftari la ahadi analo Bi Mize.
Muuza simenti: elfu kumi kila kilomita, "mtu akifika".
Fundi baskeli: elfu mbili, na pampu, atakayeitaka.
Darasa la tano: sarafu ndani ya kopo la maziwa,
zimehesabiwa mbele yao, wakataka zihesabiwe tena.
Mwenye shamba wa Mzambarauni aliandika laki,
akaifuta,
akarudi kesho yake akaiandika kwa wino.
Ni pesa za dawa za watoto wa selimundu,
lile kabati lisikae tupu tena hadi Ramadhani.
"Ahadi ni deni," husema Bi Mize,
hulamba kidole, hufungua ukurasa.

Thuwaiba wangu ana miaka tisa
na damu yenye umbo la mundu.
Ndivyo alivyoambiwa wodini. Akauliza: "Inavuna nini?"
Nani wa kumjibu.
Usiku wa maumivu namkanda magoti kwa kitambaa cha moto,
kitambaa hupoa, yeye bado.
Asubuhi hunisubiri mlangoni na kikombe cha kahawa:
"Ngapi leo?"
Kila kilomita punje moja ya karafuu. Tatu. Nne. Tano na mvua.
Siku moja nilimdanganya kwa nusu.
Akaivunja punje katikati, kichwa akakitia,
mguu akauweka pembeni, akanitazama.

Leo tumekula wali mweupe na changu wa kuchoma;
maharage Shaame kayapiga marufuku wiki nzima,
kwa maelezo ambayo siyaandiki hapa.
Viatu vya binti wa jirani, vinanipwaya, nimetia pamba mbele.
Buibui nitamwachia Bi Mize pale pa kuanzia.
Mtandio nimeupiga mshono kidevuni usije kunikimbia
kabla mwenyewe sijakimbia.

Nilidhani kalala.
Nikakiinua kikombe, nikamimina kiganjani,
nikahesabu chini ya taa: kumi.
Na moja.
"Mbio ni kilomita kumi, mwanangu."
Akajigeuza polepole, vile anavyojigeuza goti likimuuma.
"Na ya kurudi nyumbani je?
Au watakuleta?"

Umeme ukakatika papo hapo, kama kawaida yake.
Nikazirudisha kikombeni kwa kupapasa, moja moja,
moja ikaanguka, nikaitafuta kwa magoti sakafuni
mpaka nikaipata.
Namba yangu iliyokaa upande
nimeiacha hivyo hivyo.