Jumanne

Kwetu Kikwajuni, kila hitima,
jina la kwanza kwenye karatasi ya mwalimu
lilikuwa Jumanne, babake Songoro.
Hatukuijua sura yake wala kaburi lake.
Tulijua tu kwamba alikuwako,
kwani mtu hazaliwi na ukuta.

Mwezi wa pili nikapanda boti kwenda Pemba,
bahashani nakala kivuli ya ukurasa mmoja:
daftari la machimbo ya mawe na matanuri ya chokaa,
lililoliwa na mchwa
kwa adabu, pembeni pembeni tu.
Nambari arubaini na moja: Songoro Jumanne.
Nusu pishi ya mchele. Alama ya dole gumba.

Machimboni pamebaki jina.
Shimo limejaa maji, watoto wanajifunza kuogelea
wamekumbatia madumu ya mafuta ya kula.
Tanuri moja limekuwa zizi la mbuzi;
jengine limeota mpapai katikati,
na mapapai yake, wanasema, hayana utamu.
Nilisugua ukuta. Kidole kikaja cheupe,
kana kwamba kazi ilikwisha jana saa tisa.

Bi Time Shaame alikuwa akichambua karafuu mkekani.
Hakuniuliza jina.
“Geuka,” alisema.
Nikageuka.
“Kisogo hicho cha kwa Songoro. Kaa.”

Nikamtolea karatasi. Hasomi;
akanambia nimsomee, tena si Songoro peke yake.
Arubaini na mbili, Uledi Jumanne.
Arubaini na tatu, Farjala Jumanne.
Arubaini na nne, Mabruki Jumanne.
Nilipofika Majaliwa Jumanne sauti ikanikwama:
baba gani huyu
mwenye wana saba, kila mmoja na lugha yake?

Bi Time alicheka mpaka karafuu zikamwagika.
“Mwanangu, huyo si mtu. Hiyo siku.
Walishushwa gatini wote saba,
karani akauliza: wewe mwana wa nani?
Kila mmoja akanyamaza kwa sababu yake.
Mmoja babake kamwacha ng'ambo ya maji.
Mmoja hakuwahi kumjua.
Mmoja alimjua vyema, na hakutaka
kumtaja mbele ya kalamu ile.
Na karani alikuwa na njaa.
Akatazama kalenda.”

Nilinyamaza. Nilikuwa nahesabu:
miaka sitini ya ubani na juzuu na sahani za pilau,
tukiiombea rehema siku ya wiki.

“Usinune,” akasema. “Hapa wa kwa Jumanne hawaoani.
Bibi yangu, wa kwa Uledi,
alinyimwa mchumba wa kwa Farjala,
kijana mzuri, ana na baiskeli.
Wazee wakasema haiwi, huyo kaka yako.
Damu? Hawakuwa na damu moja.
Walikuwa na kikohozi kimoja.”

Akajifuta mikono, akanipeleka nyuma ya msikiti.
Mawe saba, hayana herufi,
meupe pee kuliko kanzu ya Idi.
Nikauliza lipi la Songoro.
“Sijui,” akasema. “Sisi tunapaka yote.”
Akanipa kopo na kumbi la nazi lililopondwa ncha.
Nikapaka. Chokaa iliniunguza kwenye mkato wa kucha,
pahala padogo, mpaka bandarini pakiwasha.

Jana mwalimu ameagiza majina ya hitima.
Kaka yangu Haidari, nilipomaliza kumsimulia,
akachukua kalamu amfute Jumanne.
Nikamshika mkono.
Chini ya Songoro nikaandika Uledi, Farjala, Mabruki,
Majaliwa, Feruzi, Almasi.
Karatasi ikajaa, nikageuza nyuma kwa ajili ya mama.

Jumanne nimemwacha palepale juu.
Siku ile nayo imekufa,
na haina mwengine wa kuisomea.