Sanduku la Viatu

Mwezi wa sita, Punta Arenas, jua huchomoza saa nne,
kipindi cha kwanza tunakisoma gizani.
Huenda ndiyo maana somo hili wamelipanga hapo.

Muuguzi Ovalle huja mara moja kwa mwaka,
nywele zimevurugwa na upepo wa mlangobahari,
kwapani projekta, mkononi sanduku la viatu
lenye tundu kwenye kifuniko.
"Andikeni maswali. Majina msiandike."
Tunaandika kwa herufi kubwa, hata wenye mwandiko mzuri.
Nahuel anaandika kwa mkono wa kushoto.

Mirija ya uzazi naweza kuichora nimefumba macho,
imejikunja kama pembe za kondoo wa babu.
Magonjwa nayo tunayajua, kwa picha:
mwaka jana Danko alizimia kwenye ya tatu.
Wanatufundisha mwili kama barabara ya barafu,
ajali tupu,
safari haitajwi.

"Sehemu za siri," anasema.
Siri ya nani, jamani?
Mwenye nazo ni mimi, na asiyeambiwa ni mimi.
Mama husema, utajua ukikua.
Binamu husema, simu inajua.
Simu haijui kitu. Simu inapayuka tu.

Anachomoa karatasi, anajibu.
Hedhi ikiruka miezi miwili, ni ugonjwa?
Kondomu huisha muda?
Kama sijawahi kumtamani mtu, nina kasoro?
(Hili analijibu vizuri, tena taratibu,
na mtu nyuma yangu anashusha pumzi.)

Kisha anafungua moja, macho yanakwama.
Anaikunja tena, anaizamisha chini ya nyingine.
Sisi wa mbele tumekwisha kuiona,
wino wa kijani:
NIKINYAMAZA, NIMEKUBALI?

Kengele.

Hakuna anayeinuka.
Danko, aliyeanza kuvaa koti,
amebaki na mkono mmoja ndani, mmoja nje.
Yasna anatazama dirisha ambalo halionyeshi kitu
ila sisi wenyewe, na taa.
Kidole chake cha shahada kina doa la kijani.
Namwona akilifunika kwa kidole gumba.

"Lisome lile," anasema Nahuel,
na sauti yake, inayobadilika tangu Pasaka,
inapasuka katikati. Hakuna anayecheka.

Muuguzi anatazama saa, mlango, sisi.
Anazima projekta. Feni yake inahema, inanyamaza.
Anakaa juu ya meza, miguu haifiki sakafuni.

"Hili sina picha yake," anasema.

"Tunajua," namwambia.
"Ndiyo maana tumebaki."